Mkono wa kaka ulijinyoosha wenyewe, wa mdogo je?

Swali: Daktari, hujambo? Niko Webuye. Mwanangu wa miaka sita alianguka kutoka kwenye mpera akavunjika mkono, juu kidogo ya kiwiko. Alifungwa plasta karibu mwezi mzima, ikatolewa wiki mbili zilizopita. Mpaka sasa mkono haunyooki wote, wala haukunjiki hadi mdomoni. Tena akisimama viganja vikiangalia mbele naona kiwiko kimepinda, mkono wa chini umeelekea mwilini, tofauti na ule mwingine. Kukhu yake, yaani nyanya yake, ananiambia nisihangaike, mifupa ya watoto hujinyoosha. Kaka yake alivunjika karibu na kifundo cha mkono akiwa na miaka saba, ukaunga ukiwa umepinda, na leo ana miaka tisa huwezi kujua ulikuwa upi. Kukhu anataka tumpeleke Chwele kwa mkandaji aulainishe. Nifanye nini?

Jibu: Mama, pole kwa hayo, na mtoto mpe pole. Nianze na la haraka: Chwele asiende. Mengine yanaweza kungoja wiki moja au mbili, hilo haliwezi, na sababu utaiona nikifika kwenye misuli.

Kukhu hakubahatisha. Amesema alichokiona kwa macho yake kwa mjukuu mkubwa, na daktari yeyote wa mifupa atamuunga mkono. Shida ni kwamba mkono hauna kanuni moja kutoka begani hadi vidoleni. Kilichomsaidia kaka hakipo pale alipovunjika mdogo.

Tena umeuliza maswali mawili ukidhani ni moja. Kuna kukakamaa, yaani kiungo hakifiki mwisho wa mwendo wake. Na kuna kupinda, yaani mfupa wenyewe umeunga ukiwa umeegemea upande. Kukakamaa kwa mtoto wa miaka sita, wiki mbili baada ya plasta, ni jambo la kawaida na mara nyingi sana huisha bila kufanyiwa chochote. Kupinda kwa namna unayoieleza hakuishi hivyo. Nitaanza na kupinda, maana ndiko kunakokukosanisha na kukhu.

Mkono mmoja wa mtu mzima, kuanzia chini ya bega, una mifupa 30. Vidole vinachukua 14, kiganja mitano, kifundo minane midogo iliyopangana safu mbili. Inayobaki ni mitatu mirefu, na ndiyo inayotuhusu. Juu kuna mmoja, humerasi. Chini ya kiwiko kuna miwili iliyolala sambamba: radiasi upande wa kidole gumba, alna upande wa kidole cha mwisho. Mwili mzima wa mtu mzima una mifupa 206. Mtoto mchanga ana vipande vingi zaidi, karibu 300, kwa sababu mifupa mingi huanza vipande vipande vilivyoshikanishwa na gegedu, ile tishu ngumu kiasi inayopindika kama ya sikioni, kisha huungana mtoto akiendelea kukua.

Ukitazama picha ya eksirei ya kiwiko cha mtoto wa miaka sita utaona vijifupa vimeelea karibu na ncha za mifupa, havijashikana na kitu. Wazazi wengi hushtuka hapo. Havijavunjika, gegedu linalovishikilia halionekani kwenye picha. Kiwikoni vituo vya namna hiyo ni sita, navyo hujitokeza kwa zamu, kwa makadirio ya miaka 1, 3, 5, 7, 9 na 11, wasichana wakitangulia kidogo. Mwanao kwa umri wake anatarajiwa kuwa na vitatu hivi. Ndiyo maana mara nyingine daktari huomba picha ya viwiko vyote viwili, ajue kilicho kizima cha mtoto huyo huyo kinaonekanaje kabla ya kuhukumu kilichoumia.

Sasa tuje kwenye kukua. Mfupa mrefu haurefuki katikati. Huongezeka karibu na ncha zake, kwenye tabaka jembamba la gegedu linalotengeneza mfupa mpya mpaka ujana uishe. Nitaliita gegedu la kukulia. Kila ncha ina lake, lakini hazigawani kazi sawa. Humerasi hupata takriban asilimia 80 ya urefu wake upande wa bega na asilimia 20 tu upande wa kiwiko. Radiasi na alna zimegeuza mambo: kama robo tatu ya urefu wao au zaidi hutoka upande wa kifundo cha mkono, na kidogo kinachobaki hutoka kiwikoni. Kwa hiyo mifupa yote mitatu inapokutana kiwikoni, inakutana kwa ncha zake zisizokua sana. Na hayo magegedu ya kiwikoni hufunga mapema kuliko ya begani na ya kifundoni.

Huko kujinyoosha ambako kukhu amekuona hutegemea kukua. Gegedu la kukulia likiinama, huongeza mfupa zaidi upande mmoja hadi lirudi kulala sawa. Wakati huo huo mfupa wenyewe hujichonga: ndani ya pindo, panapobanwa na mzigo, chembe za kujenga huongeza mfupa, na upande wa nje, pasipo na mzigo, chembe nyingine hula mfupa taratibu. Daktari Mjerumani Julius Wolff aliandika kanuni hiyo mwaka 1892, kwamba mfupa hubadili umbo lake kufuata mzigo unaoubeba. Kaka alivunjika hatua chache kutoka kwenye gegedu linalokuza sehemu kubwa ya mkono wa chini, akiwa na miaka saba, akiwa bado na miaka mingi ya kukua mbele yake. Hakuna mahali pazuri zaidi mkononi pa kuvunjika, isipokuwa karibu na bega.

Kuna jambo la pili ambalo watu hulisahau, hata sisi wa kazi hii hatuwaelezi wazazi vya kutosha. Mfupa hujinyoosha vizuri zaidi ukiwa umepinda kuelekea upande ambao kiungo cha jirani huelekea kinapotembea. Kifundo cha mkono huinama, huinuka, na huenda kulia na kushoto, kwa hiyo husamehe mengi. Kiwiko ni kiungo cha bawaba. Hukunja na kukunjua tu, basi. Kama mfupa wa mwanao ungekuwa umeegemea mbele au nyuma, ningekuambia kidogo kitarekebishika. Lakini wewe unaona umeegemea upande, kuelekea mwilini. Kiwiko hakiendi upande huo kamwe, na ncha yenyewe haikui sana. Nao mfupa uliozunguka kwenye mhimili wake haurudi, uwe wa kiwikoni au popote.

Kwa nini pavunjike hapo na si kwingine? Humerasi ikikaribia kiwiko huacha uduara wake na kutandazika. Nyuma kuna shimo ambamo ncha ya alna, lile fupa gumu unaloegemea mezani, huingia ukinyoosha mkono. Mbele kuna shimo jingine linalopokea alna ukikunja. Katikati ya mashimo hayo mfupa ni mwembamba kiasi kwamba ukiuinua mkavu mbele ya dirisha mwanga hupenya, na watu wengine wana tundu kabisa hapo. Sasa mtoto akianguka hutanguliza kiganja, mkono umenyooka. Watoto wa miaka mitano hadi saba kano zao ni legevu, kiwiko chao hupitiliza na kurudi nyuma kidogo. Ncha ya alna husukumwa ndani ya shimo la nyuma, na uzito wote wa mwili huishia pale pembamba. Mapera na maembe yakiiva, hospitali zetu za magharibi huwaona sana watoto hawa.

Kipande cha chini mara nyingi husukumwa nyuma, na mara nyingi huegemea ndani pia. Kikiwa kimesogea sana hurudishwa mtoto akiwa amelazwa kwa dawa, kikazuiliwa kwa pini nyembamba za chuma wiki tatu au nne. Kikiwa hakijasogea, plasta hutosha. Mara kwa mara huonekana kama hakijasogea kumbe kimebonyea upande wa ndani, au kinainama ndani ya plasta wiki ya kwanza. Picha ya siku ya kwanza na ile ya kutoa plasta zikiwekwa pamoja zitasema wa kwako alipitia lipi. Sisemi hivyo ili utafute wa kulaumu, bali kwa sababu daktari wa mifupa atakayemwona atazihitaji zote mbili.

Jipime mwenyewe mbele ya kioo, viganja mbele. Utaona mikono yako ya chini haishuki wima, imeachana na mapaja kidogo, nyuzi 5 hadi 15 hivi, kwa kawaida wanawake zaidi kuliko wanaume. Kwa mwanao pembe hiyo imegeuka kuelekea mwilini. Kwa macho inasumbua, hasa kwa mzazi. Kwa kazi, watoto wengi wenye kiwiko cha namna hii huandika, hucheza, huteka maji na hulima bila shida. Wachache, baada ya miaka, hupata ganzi upande wa kidole cha mwisho, au kiwiko kinachoyumba, au huvunjika tena upande wa nje. Kikiwa kimepinda kiasi cha kumsumbua au kumfanya achekwe na wenzake, hurekebishwa kwa upasuaji: hukatwa kabari ndogo ya mfupa upande wa nje, kisha mfupa hufungwa upya ukiwa umenyooka. Si upasuaji wa dharura. Mara nyingi tunangoja kwanza kiungo kirudishe mwendo wake, na hilo huweza kuchukua mwaka. Rai yangu: mpeleke apimwe sasa, lakini usiharakishe kisu.

Hapo ndipo tunapofika kwenye kukakamaa, na kwa mkandaji.

Ndani ya kiwiko kuna viungo vitatu vilivyofungiwa katika mfuko mmoja. Humerasi na alna hufanya ile bawaba. Humerasi na kichwa cha radiasi hukutana upande wa nje. Kisha radiasi huzunguka kando ya alna, ndiyo inayogeuza kiganja juu na chini. Mwambie mtoto aweke kiwiko ubavuni, apokee sarafu kiganjani, kisha aimwage. Akiweza bila kuinua bega, mzunguko huo uko sawa, na umebaki na tatizo la bawaba peke yake. Habari njema.

Msuli hujua kuvuta tu. Hakuna msuli mwilini unaosukuma. Ndiyo maana huja kwa jozi. Nyuma ya mkono wa juu kuna traisepsi, iliyoshikwa na kano kwenye ncha ya kiwiko. Ikijikaza, mkono hunyooka. Mbele kuna baisepsi, ile ambayo vijana huionyesha, na wengi hudhani ndiyo mkunjaji mkuu. Ishike yako kwa mkono mwingine ukiwa umekunja kiwiko, kisha geuza kiganja juu kama anayekaza skrubu. Utaisikia inakuwa ngumu. Baisepsi imeshikwa kwenye radiasi, na kugeuza kiganja ni nusu ya kazi yake. Mkunjaji wa kweli umejificha chini yake, unaitwa brakialisi. Ni mpana, umeshikwa kwenye alna, na umelala juu ya mfupa moja kwa moja, mbele kabisa ya mahali alipovunjika mwanao.

Kwa hiyo mfupa ulipokatika, ncha yake iliyochongoka iliingia kwenye brakialisi. Msuli ulichanika na kuvuja damu ndani. Sasa unapona. Mtu akiukanda kwa nguvu na mafuta ya moto, au akiuvuta mkono kwa lazima unyooke, nyuzi zile huchanika upya na damu humwagika tena. Na msuli uliojeruhiwa karibu na mfupa una tabia mbaya: badala ya kupona kwa nyama huweza kupona kwa kujaza mfupa ndani ya nyama. Kiwiko ni mahali ambapo hilo hupenda sana kutokea. Likishatokea, mkono uliokuwa utanyooka wenyewe kwa miezi mitatu unaweza kukakamaa kwa miaka. Sina ugomvi na wakandaji wa mgongo uliochoka kwa kupalilia mahindi. Kiwiko cha mtoto kilichotoka kuvunjika si kazi yao. Wala si kazi ya mzazi, wala yangu. Hata sisi hatukivuti.

Kadhalika usimbebeshe kijindoo cha maji ili uzito uunyooshe mkono. Nimeona wengi wakishauriwa hivyo. Ni kukanda kwa njia nyingine.

Kinachofaa ni mtoto aachwe autumie mkono mwenyewe. Ale kwa mkono huo, afunge vifungo vya shati, achezee maji vuguvugu kwenye karai, arushe mpira mwepesi. Maumivu yake mwenyewe ndiyo breki yake. Shughuli nyingi za kila siku, kuanzia kufungua mlango hadi kupeleka tonge mdomoni, zinahitaji kiwiko kiende kati ya nyuzi 30 na 130 hivi, kwa hiyo hata kabla hajanyoosha kabisa atakuwa anafanya karibu kila kitu. Watoto wengi hurudisha sehemu kubwa ya mwendo ndani ya miezi mitatu, na huendelea kupata kidogo kidogo hadi mwaka. Mpige picha ya simu mara moja kila wiki mbili, kwa ubavu, akiwa amenyoosha awezavyo na kisha amekunja awezavyo. Macho ya mama hayaoni mabadiliko ya kila siku, picha zitayaonyesha.

Jambo moja ulijaribu leo jioni. Mbele ya kiwiko, jirani kabisa na palipovunjika, hupita mshipa mkubwa wa damu wa mkono pamoja na neva, na nyuma upande wa ndani hupita neva nyingine, ile inayokupiga shoti ukijigonga. Cheza naye. Ainue kidole gumba juu kama anayesimamisha matatu. Kisha aunganishe ncha ya gumba na ya kidole cha shahada, afanye duara la mviringo, sio lililobonyea. Kisha atawanye vidole vyote na avibane tena. Kila mchezo hupima neva yake. Akishindwa mmoja, mwambie daktari ni upi. Neva nyingi zilizoumia kwa mvunjiko huu hurudi zenyewe ndani ya miezi michache, lakini lazima ijulikane na ifuatiliwe.

Webuye mnayo hospitali ya kaunti. Muombe barua ya rufaa kwenda kliniki ya mifupa, Bungoma, Kakamega au Hospitali ya Rufaa ya Moi kule Eldoret, upatapo nafasi karibu. Siku hizi bima ya afya ya serikali ni SHA badala ya NHIF, kwa hiyo hakikisha mtoto ameandikishwa chini yako kabla ya kufunga safari. Usingoje miadi hiyo ukiona uvimbe mpya, joto, donge gumu mbele ya kiwiko, au mwendo unaopungua badala ya kuongezeka. Rudi mara moja.

Kwa kuwa una watoto wanaopanda miti, ongeza hili. Kiwiko kikivunjika upya, kifunge kwa kitambaa kikiwa vile ulivyokikuta, usikikunje wala usikinyooshe, na usikaze vijiti na kamba. Mkono ukiwa baridi, umepauka, au mtoto akilia kupita kiasi ukinyoosha vidole vyake taratibu, hiyo ni ya usiku ule ule, si ya kesho. Msuli usiopata damu huanza kufa ndani ya saa sita hivi. Richard von Volkmann alieleza mwaka 1881 jinsi mikono iliyobanwa na bandeji hugeuka makucha yasiyofunguka, na ajali hiyo bado ipo.

Kukhu naye apewe kazi. Uji wa wimbi, omena na vichwa vyake, maziwa na kucheza juani. Vyote hivyo vinajenga mfupa. Supu ya miguu ya ng'ombe ni tamu, ila madini ya mfupa yanayotoka kwenye sufuria ni machache kuliko watu wanavyoamini. Na hakuna chakula kitakachonyoosha pindo.

Shuleni, mwandikie mwalimu: mtoto aandike kwa mkono huo kama ndio wake, lakini asicheze mpira wa kugongana, asiruke kutoka juu na asipande kitu mpaka atakapopigwa picha ya kliniki na daktari aridhike kwamba mfupa umekomaa. Mwalimu akishindwa kumzuia wakati wa mapumziko, mfungie utambaa wa kubebea mkono shingoni kwa saa hizo tu, uutoe akifika nyumbani.